Mashine ya kukatia nyasi ya kukalia inakula oili: nichague SAE 30, 10W-30 au 20W-50?

Mtunza Viwanja, Tanga

Ndugu zangu mafundi na wadau wa mashine ndogo, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa viwanja katika shule moja ya bweni hapa Tanga, na tangu mwaka jana tunatumia mashine ya kukatia nyasi ya kukalia, ile ambayo mwendeshaji huketi juu yake na kushika usukani kama wa trekta dogo. Ililetwa kutoka Uingereza ikiwa imekwisha kutumika. Injini yake ni ya petroli, ya silinda moja, yenye nguvu farasi 17.5, inapozwa kwa upepo wa feni yake yenyewe, na ina filta ndogo ya oili ubavuni. Tunakata viwanja viwili vya mpira pamoja na bustani za mbele, na wakati wa masika nyasi huota kwa kasi kiasi kwamba ukikata Jumatatu, Alhamisi umerudi tena palepale.

Shida yangu ni oili. Nilianza na 10W-30 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye kibandiko kilichokuwa chini ya kiti. Kila baada ya saa tano au sita za kazi, kijiti cha kupimia kinaonyesha kuwa oili imeshuka kutoka alama ya juu hadi karibu na alama ya chini, nami hulazimika kuongeza. Haivuji, kwani nimetandika boksi chini ya injini usiku kucha na asubuhi nikalikuta kavu. Inapowashwa asubuhi hutoa moshi wa bluu kwa muda mfupi, kisha moshi unakatika.

Nimeuliza watu watatu nikapata majibu manne. Muuza spea ameniambia niweke 20W-50 ya bodaboda kwa kuwa "joto la Tanga linataka oili nzito". Dereva wa basi la shule anasema 15W-40 iliyomo kwenye pipa lake inatosha, na mhasibu amelipenda sana jibu hilo kwa kuwa pipa limekwisha kulipiwa. Mzee aliyenitangulia katika kazi hii alisema SAE 40, kisha siku ya pili akarudi na kusema SAE 30. Naomba mnisaidie kuelewa namba hizi zina maana gani, na ipi inaifaa injini ya namna hii katika joto letu.

Fundi wa Morogoro

Mkuu, umefanya vema kutandika boksi kabla ya kuuliza, maana wengi huja na swali la oili kumbe sili imekufa.

Tuanze na jambo ambalo muuza spea hakukueleza. Injini ya gari hupozwa kwa maji, na joto lake hukaa karibu mahali pamoja, iwe Tanga au Makete. Injini ya mashine yako haina maji. Hupozwa kwa hewa inayopita katikati ya mapezi ya silinda, na sehemu iliyobaki ya kazi ya kupooza hufanywa na oili. Isitoshe, mashine ya nyasi hukata ikiwa imefunguliwa mafuta yote, kwa kawaida kwenye mizunguko 3,000 hadi 3,600 kwa dakika, saa nzima bila kupumzika, nayo inatembea polepole kiasi kwamba hakuna upepo wa barabarani wa kuisaidia. Oili ndani ya injini kama hiyo huweza kupita nyuzi 120 za Sentigredi. Kwa hiyo oili ya injini hizi haichaguliwi kwa mazoea ya gari. Huchaguliwa kwa jedwali la joto la hewa ya mahali unapofanyia kazi, na jedwali hilo limo katika kitabu cha injini, ambacho ni tofauti na kitabu cha mashine nzima.

Hukutaja jina la injini, basi nitakupa mfano wa jedwali ninalolitumia mara kwa mara, la Briggs & Stratton, kampuni ya Marekani inayotengeneza injini ndogo. Kwa injini zake nyingi za bustani, SAE 30 ni ya hewa iliyo juu ya nyuzi 4, na ukiitumia kwenye baridi zaidi ya hapo injini inakuwa ngumu kuwaka. 10W-30 inaruhusiwa kwenye baridi na kwenye joto, lakini kuna tanbihi ambayo watu huiruka: joto likizidi nyuzi 27, oili hiyo inaweza kuliwa kwa wingi zaidi, na mtumiaji anatakiwa kupima kiwango mara nyingi zaidi. Sasa niambie, ni mchana gani wa masika hapo Tanga ambao uko chini ya nyuzi 27?

Kuhusu namba zenyewe, SAE ni chama cha wahandisi kilichopanga madaraja ya mnato wa oili, na herufi W inahusu majira ya baridi. Katika 10W-30, 10W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na 30 inaeleza mnato wake ikiwa imepashwa hadi nyuzi 100. Maana yake ni kwamba SAE 30 na 10W-30 zikiwa za moto hutakiwa kuwa katika kundi moja, yaani sentistoksi (kipimo cha mnato) 9.3 hadi chini kidogo ya 12.5, na SAE 40 huanzia hapo 12.5. Tofauti ya SAE 30 na 10W-30 iko kwenye baridi, na pia katika namna zilivyotengenezwa. Ili oili moja iwe nyepesi alfajiri ya baridi na isiwe maji injini ikichemka, watengenezaji huchukua oili ya msingi iliyo nyepesi na kuichanganya na kemikali zinazotanuka kwa joto. Ndani ya injini inayochemka kama yako, ile sehemu nyepesi hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi, na zile kemikali husagika kadiri saa zinavyokwenda. SAE 30 haihitaji kemikali hizo. Nawe usiku wa Tanga hauna baridi ya kukulazimisha kuzibeba.

Jibu langu, basi, ni SAE 30, na kwenye chupa utafute nembo ya API (taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya ubora wa oili) yenye herufi SJ au iliyoifuata, kama SL, SM, SN au SP. Herufi ya pili ikisogea mbele katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. Ukikuta chupa ya bei ya chini iliyoandikwa SA au SB, iache dukani hata kama namba 30 ipo, kwa kuwa viwango hivyo ni vya injini za zamani mno. Injini nyingi za ukubwa huo huchukua kama lita 1.4, lakini usijaze kwa kutegemea lita. Jaza kidogo kidogo ukipima kwa kijiti.

Msambaa wa Minnesota

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto ninayeishi Minnesota, na kazi yangu ya kiangazi ni kukata nyasi za watu, kwa hiyo mashine hizi nakaa juu yake kutwa.

Naongezea kuhusu kibandiko cha chini ya kiti. Kibandiko hicho kilimlenga mtu wa nchi za baridi. Huku kwetu mashine hiyohiyo inaweza kukata nyasi Julai kwenye nyuzi 33, na Novemba ikakusanya majani makavu asubuhi ya nyuzi 2. Mwenye mashine moja hataki kubadilisha oili kila hali ya hewa inapogeuka, ndiyo maana 10W-30 inasifiwa sana. Nami hutumia 5W-30 ya sintetiki, kwa sababu injini huwaka vizuri kwenye baridi, na oili hiyo inastahimili joto kuliko 10W-30 ya kawaida. Mtengenezaji wa injini yangu anairuhusu katika misimu yote. Bei yake, hata hivyo, inauma, na kwa mtu wa Tanga sioni anachokinunua humo ambacho SAE 30 nzuri haitampa, ilimradi abadilishe kwa wakati.

Kwenye wakati hapo ndipo watu wengi huteleza. Hesabu saa za injini, usihesabu miezi peke yake. Vitabu vingi husema kila saa 50 au kila saa 100 kutegemea injini, au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Hesabu hiyo ya mwaka iliandikwa kwa mtu wa huku ambaye hukata uwanja wake mara moja kwa wiki kwa miezi sita. Shule yenye viwanja viwili vya mpira inaweza kumaliza saa 50 kabla ya muhula kufungwa.

Jambo jingine dogo: huenda muuza spea hakuitoa 20W-50 hewani. Mashine nyingi za kukalia zina gia za haidroliki zisizobadilishwa kwa mkono, na baadhi ya gia hizo hutumia oili ya injini ya 20W-50. Kampuni ya gia ya Hydro-Gear, kwa mfano, huagiza hivyo kwa baadhi ya gia zake. Mtu anaweza kuwa alisikia namba hiyo kwa fundi wa gia na kuihamishia kwenye injini. Hayo ni matundu mawili tofauti, na kila moja lina oili yake.

Mkulima wa Naivasha

Hamjambo nyote. Nimesoma majibu kwa makini, na sipingi SAE 30, ila naona tumekimbilia chupa kabla ya kuifungua mashine.

Kwanza, 20W-50 si sumu. Kawasaki huiorodhesha kwa baadhi ya injini zake za nyasi zinazofanya kazi kwenye joto kali, kwa hiyo anayesema kwamba oili hiyo huua kila injini ndogo anatia chumvi. Suala ni kitabu cha injini yako kinasema nini. Hiyo ya bodaboda huwa na alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, kwa sababu kwenye pikipiki oili moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja, na klachi haitakiwi kuteleza. Mashine yako haina klachi inayoogelea kwenye oili, kwa hiyo alama hiyo haikuongezei kitu wala haikudhuru. Kinachonitia wasiwasi ni mtu kuweka oili nzito ili kunyamazisha ugonjwa. Ringi za pistoni zikiwa zimechoka, oili nzito itapunguza moshi kwa mwezi mmoja, nawe utajisifu, huku silinda inaendelea kulika.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka juzi nilikuwa na mashine ya aina hiyo kwenye shamba la maua, ikila oili vilevile. Tulibadilisha aina tatu za oili. Siku moja kijana wetu alifungua lile bati la juu linalofunika feni, na chini yake tukakuta nyasi kavu zilizoshikamana na vumbi na mafuta, zimejaza mapezi ya silinda upande mzima kama kiota cha mnana. Ukilichomoa donge moja lilitoka na umbo la pezi, kama tofali linavyotoka kwenye kalibu. Upande huo wa silinda haukuwa ukipata hewa hata kidogo. Tulisafisha kwa brashi na kijiti cha mti, kisha tukapuliza kwa hewa ya kompresa. Hatukutumia maji, kwa sababu maji yangegandisha vumbi na kuingia kwenye mfumo wa umeme. Tangu siku hiyo ulaji ulipungua kwa zaidi ya nusu, tukiwa na oili ileile.

Tatu, nusa kijiti cha kupimia. Ikiwa oili inanuka petroli, au kiwango chake kinapanda badala ya kushuka, sindano ya kabureta haifungi vizuri na petroli inateremka hadi kwenye oili usiku mashine ikiwa imelala. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi injini, iwe SAE 30 au ya dhahabu.

Mwisho, naomba utueleze unavyopima. Je, unakifunga kijiti kwa kukizungusha hadi mwisho kabla ya kukichomoa na kukisoma, au unakiegesha tu mdomoni?

Mtunza Viwanja, Tanga

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili, na naomba radhi kwa kuchelewa. Tulikuwa na mashindano ya michezo ya shule.

Nianze na swali la mwisho kwa sababu lilinitia aibu. Nilikuwa nakiegesha tu. Kitabu cha injini, ambacho hatimaye nilikipata kwenye simu kwa kuandika namba ya modeli iliyogongwa kwenye bati la feni, kinasema kijiti kifungwe hadi mwisho ndipo kichomolewe na kusomwa, mashine ikiwa mahali tambarare na injini ikiwa imepoa. Nilipopima kwa njia zote mbili, asubuhi ileile na oili ileile, tofauti kati ya alama hizo ilikaribia upana wa kidole. Kumbe nilipokuwa nikiongeza oili "iliyopungua", mara nyingine nilikuwa nikiijaza kupita kiasi. Naamini moshi wa bluu wa asubuhi ulitokana na hilo, kwa sababu nilipofungua chujio la hewa nililikuta limelowa oili upande mmoja.

Bati la feni nililifungua pia. Sikukuta kiota kamili kama cha Naivasha, ila mapezi ya upande wa nyuma, ambao hauonekani ukiwa umeketi, yalikuwa yamejaa. Kati ya mapezi hayo palikuwa na mbegu za nyasi zilizoungua zikawa nyeusi kama ufuta. Tumesafisha, tumebadilisha chujio la hewa na filta ya oili, na tumeitoa oili ya zamani injini ikiwa bado na uvuguvugu. Haikunuka petroli. Mlinzi wetu aliiomba hiyo oili chafu apake nguzo za ua dhidi ya mchwa, tukampa badala ya kuimwaga.

Kuhusu SAE 30, kuipata hapa mjini kulinitoa jasho. Maduka matatu ya kwanza yalikuwa na SAE 40 tu, na kila muuzaji aliniapia kwamba ni kitu kilekile. Niliipata duka la nne, linalouza vifaa vya jenereta na mashine za boti, ikiwa katika chupa za lita moja moja, vizibo vikiwa na pete zisizokatwa, na nyuma zimeandikwa API SL. Niliweka lita moja na robo, nikasubiri, nikapima, kisha nikaongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu.

Tangu hapo tumefanya saa kumi za kazi kwa hesabu ya mita, na mchana mmoja joto lilifika nyuzi 32. Nimeongeza oili mara moja tu, nayo haikuzidi kikombe kidogo cha kahawa. Moshi wa asubuhi haupo tena. Sasa siwezi kujua kwa hakika ni kipi kilichotibu zaidi kati ya oili, mapezi na kijiti, kwa sababu nilivifanya vyote siku moja.

Limebaki swali la mhasibu. Bado anataka kujua kwa nini pipa la 15W-40 la basi lisitumike, nami nimekosa maneno ya kumjibu bila kuonekana mbishi.

Fundi wa Morogoro

Hongera mkuu. Kwa hesabu yangu, kijiti kilikuwa na sehemu kubwa ya lawama. Oili ikizidi, fito inayozunguka ndani ya injini huipiga ikawa povu, na povu hilo hupitia kwenye bomba la kupumulia hadi kwenye chujio la hewa na kuingia kuchomwa. Unaongeza, inachomwa, unaona imepungua, unaongeza tena. Nimeona mtu akinunua ringi mpya kwa ajili ya jambo hilohilo.

Mhasibu mwambie hivi. Kwenye pipa la basi atafute herufi za API. Herufi zinazoanza na C, kama CF au CI-4, ni za injini za dizeli, na zinazoanza na S ni za petroli. Baadhi ya oili za dizeli zina zote mbili, kwa mfano CI-4/SL, na hizo zimepimwa kwa injini za petroli pia. Ikiwa pipa lina C peke yake, mazungumzo yameishia hapo. Ikiwa lina zote mbili, siku ambayo chupa imekwisha na uwanja unasubiriwa na mgeni rasmi, mimi nisingekukataza kuongeza nusu kikombe ili usikate nyasi ukiwa chini ya alama. Kuijaza yote kwa oili hiyo ni suala jingine, kwa sababu 15W-40 haimo katika majedwali mengi ya injini hizi, na mtu akiuliza kwa nini injini imekufa, jedwali ndilo litakalosomwa.

Kisha mpeleke aliangalie pipa lenyewe. Mapipa mengi ya oili ya mabasi niliyoyaona hukaa wazi, na kopo la kuchotea hulala juu ya udongo. Basi lina filta kubwa ya kuvumilia uchafu huo. Filta ya mashine yako inaenea kwenye kiganja, na injini nzima ina oili isiyofika lita moja na nusu.

Mkulima wa Naivasha

Nakubaliana na fundi. Mpigie mhasibu hesabu hiyo ya lita pia: kwa kubadilisha kila saa 50, chupa mbili za lita moja zinatosha kila mara, na oili inayobaki ni ya kuongezea. Basi linakunywa kiasi hicho mara nyingi kwa mkupuo mmoja.

Mtunza Viwanja, Tanga

Nimempeleka kwenye pipa leo asubuhi. Herufi zilikuwa CF-4 peke yake, na ndani ya kopo la kuchotea tulikuta mende. Ameidhinisha chupa sita za SAE 30 kwa muhula ujao. Nashukuruni sana.